Saa Mia na Hamsini na Moja

Karachi, 12 Machi 1948

Mke wangu Mwanakuu,

Assalaam alaikum. Nimefika salama. Meli ilitusukasuka siku kumi na mbili, na mimi ninayejidai mtu wa angani nilitapika kama mtoto. Nimefikia kwa yule binamu wa marehemu baba. Nyumba imejaa watu waliokimbia fujo za Delhi, tunalala sita chumba kimoja, lakini wamenipokea vyema na achari ya mama imenifanya mtu maarufu hapa.

Jana nilikwenda kwenye Kampuni ya ndege. Lile koti ulilonipigia pasi lilitoka sandukuni limekunjamana, nikalivaa hivyo hivyo. Nilikuta wazee watatu mezani. Wakanisomea wanayoyataka kwa rubani mpya: awe na saa mia mbili za kuruka, na katika hizo, saa mia awe ameshika usukani peke yake, bila mwalimu. Asiwe ametimiza miaka thelathini na moja. Nikacheka moyoni, maana ninazo mia mbili na kumi na nne, na thelathini na moja siifikii mpaka Juni.

Wakaomba kitabu changu cha saa, kinamoandikwa kila safari ya angani. Nikawapa hiki kipya. Unakumbuka uliniambia nichukue na kile cha zamani, nikakujibu kwamba jumla yake nimeshaihamishia humu, nikakitoa ili chupa za achari zipate nafasi. Sasa nicheke. Mkubwa wao aliivua miwani akasema, "Hii mia na hamsini na moja umeiandika mwenyewe. Tunataka kuona saini ya mwalimu mbele ya kila safari." Kwao mimi ni mtu wa saa sitini na tatu.

Kwa hivyo nakuomba ulifungue lile sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Kitabu kina jalada la buluu, kimeandikwa Kizungu, ila juu ya kila ukurasa utaona Bismillahi kwa herufi zetu, na kila niliposhuka salama nimeandika Alhamdulillahi pembeni. Kitie rejista posta, kije kwa ndege. Wamenipa mpaka mwisho wa Aprili.

Wewe hujui saa zile nilizipataje, kwa sababu nikikusimulia huwa natia mzaha. Pale Lahore nilikuwa fundi wa klabu ya ndege, sikuwa mwanachama. Juma zima naosha injini kwa mafuta ya taa mpaka vidole vinapasuka, na Jumapili mwalimu ananipa nusu saa angani badala ya ujira. Miaka minne nimeishi hivyo. Kitabu kile ndicho mshahara wangu wa ujanani.

Siku ya kufunga mizigo ulisema laiti kingeliwa na mchwa. Nilikuona machozi, nikaendelea kupanga chupa. Nikipata kazi hii nitakuleta huku na mama pia, na utaona kwamba ndege si jeneza. Kitafute, mpenzi.

Mumeo,
Abdulghafur bin Taib


Kibokoni, Mombasa, 27 Machi 1948

Mume wangu,

Waalaikum salaam. Barua yako imenifikia Alhamisi, na nimefurahi kwamba umetapika, maana kuanzia leo hutanicheka tena kwenye feri.

Sanduku nimelifungua. Mna suruali zako za kazi, mna picha yako na yule Singasinga wa klabu, mna spana mbili. Kitabu sijakiona. Mvua za kwanza zilivujia chumba cha mama, na vitu vimehamishwa huku na huko, kwa hivyo nipe siku chache.

Mama hajambo kwa kiasi chake. Juma lililopita alianguka pale kwenye ngazi ya uani. Daktari amemsikiliza moyo, akaniita nje akaniambia moyo umechoka, asipandishwe hasira wala asipewe habari za kumshtua. Hataki kukaa kitandani. Anawaambia majirani wote mpaka nyuma ya Ngome kwamba mwanawe atapita juu ya nyumba na ndege, na ameniamrisha nianike nguo nyeupe darini ili uitambue nyumba.

Nataka kukuuliza kitu, nami ni mjinga wa mambo hayo. Kwani hawawezi kukupandisha kwenye ndege wakaona kwa macho yao? Ukiwa unajua, si watajua? Na yule mwalimu wako hawezi kuandika barua kwamba alikufundisha? Isije kazi yote ikawa imefungwa kwenye kitabu kimoja.

Ni mimi mkeo,
Mwanakuu


Karachi, 8 Aprili 1948

Mwanakuu,

Nilingoja kifurushi, nikapata maswali. Lakini ni maswali ya maana, nitakujibu.

Kunipandisha wamenipandisha. Nimeruka na mkubwa wao robo saa, akashuka akanipa mkono akasema mikono yangu ni mizuri. Nikamwambia basi yamekwisha. Akanijibu kwamba siku ya jua kila mtu anaruka vizuri, na kwamba saa mia mbili si za kumwonyesha yeye kama najua, ni za kumhakikishia kwamba yameshanipata mambo mabaya nikiwa peke yangu na nikarudi. Abiria hawezi kuniuliza, kwa hivyo kitabu kinajibu kwa niaba yangu. Ukweli ni kwamba sikuona pa kumpinga. Yamenipata, na yote yamo katika kitabu cha buluu: injini iliyozimika juu ya mashamba ya ngano, vumbi lililoniziba dakika arubaini nisione bawa langu mwenyewe.

Mwalimu wangu alirudi kwao Uingereza akafa mwaka wa juzi. Nimeandika Lahore. Ofisi ya klabu iliteketea katika fujo za mwaka jana, na daftari zote zimekwenda nayo. Sasa duniani hakuna karatasi nyingine inayosema kwamba mimi niliwahi kuruka saa zile. Ipo hiyo moja tu, iliyo katika nyumba yetu.

Nyumba ina vyumba vitatu, Mwanakuu. Kitabu hakina miguu. Mimi sitaki kuwaza vibaya, lakini nakaa hapa nakumbuka ulivyosema siku ile, na nakumbuka uso wako. Kama umekificha, kitoe, nami sitakiuliza kilikuwa wapi. Kama hujui, mwulize mama ni nani aliyegusa sanduku langu. Na nisipopata jibu kwa barua ijayo nitamwandikia mwenyewe, na yeyote aliyekigusa katika nyumba ile atanijibu, awe nani.

Zimebaki siku ishirini na mbili.

Abdulghafur


Kibokoni, 19 Aprili 1948

Mume wangu,

Usimwandikie mama. Nakuomba kwa kila kilicho kati yetu, usimwandikie. Hana analolijua.

Kitabu nilikitupa mimi. Siku ya pili baada ya meli yako kuondoka nilifungua sanduku, nikakitoa, nikakitia kwenye kapu la takataka pamoja na maganda ya muhogo, na mchukuzi akaja akabeba. Niliogopa ndege. Nilikwambia naogopa. Sikujua kwamba hakina cha pili.

Sina la kujitetea. Nikasirikie mimi, na hasira yako ikiisha nipo hapa hapa nakungoja. Nimesikia kwamba mtu huweza kuzianza saa upya. Uza bangili zangu, nitazituma, ukaruke tena.

Mkeo,
Mwanakuu


Karachi, 3 Mei 1948

Kwa Mwanakuu binti Jamaldin,

Nimekwenda kwa wale wazee kuwaambia kwamba kitabu hakipo. Hawakunitukana. Mkubwa aliniuliza kimepotea vipi, nikashindwa kutamka kwamba mke wangu amekitia kwenye maganda ya muhogo, nikasema kimeliwa na mchwa. Akasikitika kweli. Akasema nikitaka, karakana inahitaji mafundi. Mwezi ujao natimiza miaka thelathini na moja, na saa mia na thelathini na saba siwezi kuziruka kwa mwezi mmoja, hata ungeniletea bangili za Mombasa nzima.

Kuogopa kwako ningekuelewa. Ungenililia, ungenikatalia kusafiri, ningekaa. Lakini ulinifungia mizigo, ukanisindikiza mpaka gatini, ukanishika mkono, halafu ukarudi nyumbani ukafanya ulilofanya. Miaka minne ya maisha yangu, na jina la Mungu juu ya kila ukurasa, umeitupa na uchafu. Mimi siwezi tena kulala nyumba moja na mtu wa namna hiyo.

Nimekuacha talaka moja. Nimeiandika leo mbele ya watu wawili, na majina yao yamo katika karatasi niliyoitia humu. Ndugu yako Jaffar nimemwandikia barua yake mbali aje akuchukue. Mama usimwambie sababu, mwambie tumeshindwana.

Abdulghafur bin Taib


Kibokoni, 24 Mei 1948

(Barua hii imeandikwa na mwalimu wa chuo kwa niaba ya Bi Swabaha binti Tumu, na maneno ni yake kama alivyoyasema.)

Mwanangu Abdulghafur,

Mimi mamako sijui kuandika, nasoma Kurani yangu tu, na laiti ningejua kuandika ungeona barua ya moto. Umeniulia nyumba. Jaffar amekuya na gari la mkono kumchukua dada yake, na yule mwanamke ametoka na buibui lake, amenibusu mkono, amenipangia dawa zangu kwenye sinia kwa zamu zake, akaenda zake Bondeni. Nimemwuliza amekufanya nini. Ameniambia, "Mama, mambo ya mke na mume." Mato yamemvimba. Na bado kila asubuhi anamtuma binti ya jirani aniletee uji, na yeye yumo ndani anakaa eda yako.

Wewe una kichaa gani? Umeona wapi mke kama yule? Mimi nalianguka, yeye ndiye aliyenikogesha na kunilisha. Vitu vyako amevitunza, na mimi pia nimevitunza, hatukukuharibia hata uzi. Hata kile kitabu chako cha dua chenye gamba la buluu nalikihifadhi kwa heshima yake. Mvua zilipovuja, nalitoa vitu vyote sandukuni nikakuta mchwa wamekila pembeni, karatasi zinamomonyoka mkononi, na kila karatasi ina Bismillahi na Alhamdulillahi. Nikasema, karatasi za jina la Mungu hazikai kwenye mchwa. Nikakifunga kitambaa kipya cheupe pamoja na juzuu mbovu za chuoni, nikatia jiwe, nikampa Chirau wa feri akazizamisha katikati ya mkondo, palipo na kina, kama tunavyofanya siku zote. Alikuwa na udhu, nalimwuliza. Ilikuwa juma la tatu baada ya kuondoka kwako. Nikamwambia Mwanakuu alipokitafuta, akakaa kitako pale pale chini. Nadhani alikuwa amechoka, maskini.

Basi mwanamke anayemtunza mamako hivyo unamwachia nini? Mrejee. Eda haijesha. Andika mstari mmoja tu.

Na hiyo ndege utapita nayo lini? Nguo nyeupe zi juu darini mpaka zimeanza kugeuka rangi.

Mamako,
Swabaha


Karachi, 9 Agosti 1948

Kwa Mwanakuu, aliyekuwa mke wangu, na kosa ni langu,

Sijui nianze wapi, basi nitaanza na aibu.

Barua ya mama ilinifika tarehe tisa Juni. Nikaona mwandiko wa mwalimu wa chuo juu ya bahasha, nikajua mama amekwenda kunishtaki, na kwamba ndani ni lawama juu yako na mimi. Sikutaka kusikia jina lako. Nikaitia chini ya godoro bila kuifungua. Kila jioni nilirudi karakanani mikono imejaa grisi, nikaketi juu ya godoro lile, na barua ipo chini yangu, siku zile zote ambazo eda yako ilikuwa bado. Mstari mmoja tu ungetosha kukurejesha, na mama aliniambia hivyo, na mimi nilikuwa nimeukalia.

Nimeifungua asubuhi ya Idi, siku ya Jumamosi. Nilikuwa peke yangu, wenzangu wamekwenda kusali, mimi nilichelewa, nikasema angalau leo nisome salamu za mama. Nimesoma mpaka pale pa kitambaa cheupe nikasimama. Nikasoma tena. Nikatoka nje kwenye jua nikasoma mara ya tatu.

Nimehesabu siku kila namna. Nimemwuliza shekhe wa hapa. Ameniambia wewe peke yako ndiye unayejua eda yako imekwisha lini, na yeye anadhani imekwisha. Kama haijesha, nakurejea sasa hivi, nimetamka mbele yake. Kama imekwisha, naleta posa upya kwa Jaffar, mahari utakayo, nyumba utakayo. Nitarudi Mombasa. Hapa sina kazi ya kunizuia. Mimi ni fundi, naosha injini kwa mafuta ya taa kama nilivyokuwa na miaka ishirini na moja, ila sasa hakuna anayenipa nusu saa Jumapili.

Kwa nini hukuniambia, Mwanakuu? Mama ningemstahi. Nisingempandishia sauti. Nadhani nisingempandishia. Naandika hivi, na ile barua yangu ya Aprili naikumbuka, niliyosema atanijibu awe nani. Ulikuwa sahihi kuniogopa.

Nisamehe. Sina neno lingine.

Abdulghafur


Bondeni, 26 Agosti 1948

Abdulghafur,

Waalaikum salaam. Eda yangu ilikwisha siku ya ishirini na mbili ya Ramadhani, siku nane kabla ya Idi. Jaffar alinihesabia, na mimi nilihesabu peke yangu pembeni nikiomba amekosea. Hakukosea.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Siku ile mama aliponieleza, alikuwa anatabasamu. Alidhani amekufanyia jambo kubwa, na kwa hakika alifanya jambo kubwa, kwa sababu yeye alikiona kitabu cha Mungu na wewe ulikiona kitabu cha ndege, na nyote wawili mlikuwa na haki. Nikawaza: akijua kwamba kwa mkono wake amezamisha kazi ya mwanawe, hatalala usiku huo akaamka. Hasira ya Abdulghafur naijua, ni mvua ya vuli, itanilowesha halafu itapita. Mimi ni mkewe, nitastahimili. Nilikosea hesabu. Naungama kwamba nilikudanganya, na uongo ule unaniuma kila nikisimama kusali, kwa sababu kama ningekuambia kweli na kukuamini kidogo, leo ningekuwa nyumbani kwangu Kibokoni.

Lakini na wewe nikuambie lako. Nilipoandika kwamba nimekitupa na maganda ya muhogo, mkono wangu ulisita. Nikasema, hapa atanikamata. Tumeishi miaka mitatu. Umeniona nikiokota njiani karatasi iliyofungiwa karanga kwa sababu ina herufi mbili za Kiarabu, nikaibusu na kuitia ufa wa ukuta, na wewe ukanicheka kwamba labda ni bei ya vitunguu. Nilijua kwamba ukisoma maneno yale utasema, huyu hawezi, huyu anamficha mtu. Kwa kweli nilitumaini hivyo. Nilitumaini utajua na utanyamaza, na siri itakuwa yetu wawili.

Hukuuliza hata mara moja. Wale wazee wa Kampuni walikataa neno lako kwa sababu hawakukujua, na wewe uliumia sana walipokukataa. Mimi ulikuwa unanijua.

Jaffar ameisoma barua yako ya posa. Amesema uamuzi ni wangu, na hajanisukuma. Nimekaa nayo siku tano. Nakupenda, sioni haya kuliandika, na nikisikia ndege ikipita kuelekea uwanja wa Port Reitz mpaka leo nainua kichwa. Lakini sirudi. Kila siku utakayochelewa, kila kitu kitakachopotea nyumbani, nitakuwa nakitazama kinywa chako kwanza. Siwezi kuishi hivyo, na wewe hutaweza kuishi ukitazamwa hivyo. Usije kwa ajili yangu.

Njoo kwa ajili ya mama, ukiweza. Naenda kumwona kila Ijumaa, namsuka nywele, namsomea. Moyo wake umezidi kuchoka, na daktari hasemi tena mambo ya mwakani. Ile siri hajui bado, na nakuomba ufe nayo, kama mimi nitakavyokufa nayo. Nguo nyeupe amenifanya nizifue na kuzianika upya. Ijumaa iliyopita alinishika mkono akaniuliza kama wamekuchukua kazini, maana barua zako hazisemi. Nikamwambia wamekuchukua, unaruka kila siku, na njia yako bado haijafika huku. Alifurahi mpaka akaomba chai.

Kwa hivyo usimwandikie habari za karakana. Ukimwandikia, andika kama rubani.

Mwanakuu binti Jamaldin